KANO ILIYOKATIKA HAIUNGWI JUU YA USAHA

Ndugu msomaji, weka gazeti mezani kwa muda mfupi, ufungue kiganja chako, kisha ukunje vidole polepole, kimoja baada ya kingine. Sasa tazama sehemu ya ndani ya kigasha, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Utaona nyuzi zikicheza chini ya ngozi. Nyuzi hizo ndizo kano. Kwa hizo unashika kalamu, jembe, usukani na sindano ya cherehani, na kwa hizo unamshika mtoto mkono mnapovuka barabara kuu ya kwenda Zambia pale Mafinga au Mwanjelwa.

Kidole chenyewe hakina msuli wa kukikunja. Misuli inayofanya kazi hiyo imekaa mbali, kwenye kigasha, nayo huvuta kidole kwa kano ndefu kama vile mpanda baiskeli avutavyo waya wa breki. Na kama vile waya wa breki ulivyo na mpira wake wa nje, kano za kukunjia vidole nazo zina ala, mfano wa ala ya panga, yenye ute unaozilainisha na kuzilisha. Kila kidole kina kano mbili za kukunjia, moja ya juu na moja ya ndani. Gumba lina moja tu. Kano za kunyooshea zimepita mgongoni mwa mkono, nazo hazina ala ndefu ya namna hiyo vidoleni.

Ubunifu huu wa maumbile ni wa ajabu, lakini ndani yake mna hatari. Ala ile ile inayoiwezesha kano kuteleza ndiyo njia ambayo usaha hupita mbio, kama maji mferejini. Tena kano ina damu kidogo sana. Nyama yenye damu nyingi hujipigania yenyewe vijidudu vinapoingia. Kano haina askari wa kutosha. Hata dawa unayomeza au kuchomwa huletwa na damu, na penye damu chache dawa nayo hufika chache.

Ndiyo maana makala hii haitasema sana juu ya ustadi wa mshono, ingawa ustadi huo ni mkubwa. Itasema juu ya vijidudu, kwani mara nyingi ndivyo vinavyoamua kama kidole kitakunjika tena au kitabaki kimenyooka kama kijiti. Tena itawatetea madaktari katika jambo moja linalozua ugomvi mwingi milangoni mwa wodi, yaani pale mgonjwa anapofika na kano iliyokatika na daktari akasema: “Leo hatuungi.”

MIKONO INAVYOKATWA HUKU NYANDA ZA JUU

Kazi za Mbeya na Iringa ni kazi za mikono, na chuma kikali hakiko mbali nayo. Katika wilaya ya Mufindi, kuzunguka msitu wa Sao Hill, kuna misumeno ya kupasulia mbao, mikubwa ya viwandani na midogo ya watu binafsi. Katika mashamba ya mpunga ya Usangu na Kyela kuna mundu. Kila mtaa una mashine ya kusaga na mikanda yake, bucha na shoka lake, gereji na mabati yake. Akina mama hukatwa na vipande vya chupa na vioo wanapofua au kuzoa taka. Na siku hizi pikipiki za abiria zimeongeza majeraha ambayo ngozi ya mgongo wa mkono huchunwa yote na lami, kano za kunyooshea zikabaki nje.

Wakati wa masika mkoani Iringa huja na wake. Mgema wa ulanzi huchonga ncha ya mwanzi mchanga kila siku kwa kisu chenye makali ya wembe, mara nyingi ngozi ya mikono ikiwa imelowa mvua. Kisu kikiteleza hukata kiganja, na kisu hicho kimejaa utomvu na uchafu wa shambani.

Liko na jeraha jingine linalohusiana na ulanzi, nalo latoka kilabuni. Wawili hugombana, mmoja akampiga mwenziwe ngumi ya mdomo, jino likamchana mpigaji juu ya fundo la kidole. Asubuhi kinaonekana kidonda kidogo tu, cha sentimita moja au pungufu, ambacho mwenye nacho huona haya kukieleza. Lakini wakati mkono ulipokuwa umekunjwa ngumi, jino lilipita ngozi, likakata kano ya kunyooshea na pengine likafika ndani ya kiungo. Mkono ulipofunguliwa, kano iliteleza kurudi nyuma na kuvifunika vijidudu vya mdomoni ndani kabisa, mahali pasipo hewa. Kidonda hicho kidogo ni hatari kuliko mkato mrefu wa panga, na anayekificha kwa aibu huja siku ya tatu na mkono uliovimba kama boga. Daktari akikuuliza kama ulimpiga mtu, mwambie kweli. Yeye si polisi.

JINSI YA KUJUA KUWA KANO IMEKATIKA

Wengi hufika zahanati, wakashonwa ngozi, wakarudi nyumbani wakidhani yamekwisha. Baada ya mwezi kidonda kimefunga vizuri lakini kidole hakikunjiki. Kosa hili huepukwa kwa kipimo kisichotaka chombo chochote. Weka mkono wa majeruhi mezani, kiganja kikitazama juu. Kishike kidole kilichoumia kwa nguvu kiasi chini ya kiungo cha mwisho, umwambie akunje ncha peke yake. Ikishindwa kukunjika, kano ya ndani imekatika. Kisha vishike vidole vingine vyote vikiwa vimenyooka, umwambie akunje kile kilichoumia kwenye kiungo cha kati. Kikishindwa, kano ya juu nayo ina shaka. Kidole chaweza kuendelea kukunjika hata kano moja ikiwa imekatika, kwa kuwa ya pili inakivuta. Hivyo usitosheke kwa kuona kinacheza.

Gusa pia ncha ya kidole kwa ubavu wa kulia na wa kushoto. Pakiwa na ganzi, mishipa ya fahamu imekatwa pamoja na kano, na hilo tutalirudia, maana katika baridi ya Makete na Mafinga lina madhara yake.

SAA ZA KWANZA NI ZAKO, SI ZA DAKTARI

Kabla mgonjwa hajaonana na mganga yeyote, jamaa zake wamekwisha kutenda jambo jema au baya. Baya linajulikana: majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa, oili chafu ya gari, dawa ya meno, majani yaliyotafunwa. Vyote hivi hupandwa ndani ya jeraha kama mbegu. Kinyesi cha wanyama na udongo hubeba hata vijidudu vya pepopunda, ugonjwa unaoua, na ambao chanjo yake ni sindano ya bei ndogo.

Jema ni rahisi. Vua pete mara moja, kabla kidole hakijavimba, kwa sababu baadaye italazimu kukatwa kwa msumeno. Osha mikono yako wewe unayesaidia. Mwagia jeraha maji safi yanayotiririka, mengi, pamoja na sabuni pembezoni mwake, kwa dakika kadhaa. Maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupozwa yafaa sana. Kandamiza kitambaa safi juu ya panapotoka damu, uinue mkono juu ya usawa wa moyo. Usifunge kamba kwenye mkono wa juu na kuiacha njia nzima kutoka kijijini hadi mjini, kwa kuwa nyama iliyonyimwa damu kwa saa nyingi hufa, na nyama iliyokufa ndicho chakula cha vijidudu. Usimlishe majeruhi, kwani huenda akahitaji nusu kaputi. Kisha mwondoke.

Twasisitiza maji kwa makusudi. Wananchi wengi wana imani kubwa na kidonge na imani ndogo na maji, ilhali mpango sahihi ni kinyume chake. Hata hospitali, tiba kubwa ya jeraha chafu ni kuosha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, lita baada ya lita, na kukata kwa kisu kila kipande cha nyama kilichokufa. Dawa hufuata nyuma yake ikisaidia.

KWA NINI DAKTARI ASEMA “LEO HATUUNGI”

Kijana wa msumeno amefikishwa, tuseme, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa saa nne usiku. Kano zinaonekana, nyeupe kama utepe, nazo zimejaa unga wa mbao. Ndugu zake wanataka ziungwe usiku huo huo. Daktari anaosha jeraha, anaondoa nyama mbovu, anaweka shashi yenye unyevu, anafunga bila kushona, na kuamuru mgonjwa arudishwe chumba cha upasuaji baada ya siku mbili akaoshwe tena. Ndugu wanalalamika kwamba mtu wao ametelekezwa.

Hakutelekezwa hata kidogo. Kano iliyokatika yaweza kuungwa vizuri hata baada ya siku kadhaa, ingawa madaktari hupenda isipite kiasi cha wiki mbili, kwa sababu misuli hufupika na ncha za kano hurudi nyuma kiganjani. Siku hizo si za kupoteza, lakini zipo. Kwa upande mwingine, kano iliyoungwa juu ya uchafu na kufunikwa ngozi huwekewa jiwe juu ya shimo la nyoka. Baada ya siku chache usaha hutunga, uzi hukatika, kano huoza, na ala yote hugeuka kovu. Hapo mgonjwa hupoteza kano ambayo ingaliweza kuokolewa. Mkato safi wa kisu cha jikoni ni habari nyingine. Huo waweza kuungwa mapema. Hukumu hii ni ya mwenye kuliona jeraha, wala haiwezi kutolewa kwa simu na mjomba aliyeko Dar es Salaam.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kutoka mkunjo wa juu wa kiganja hadi katikati ya kidole, ambamo kano mbili hupita pamoja ndani ya ala moja iliyobana. Sterling Bunnell, daktari Mmarekani ambaye kitabu chake cha upasuaji wa mkono kilitoka mwaka 1944, aliiita kwa jina lililotumika katika vita vya mahandaki, la uwanja ulio katikati ya majeshi mawili, ambao hauna mwenyewe na anayeuingia haponi. Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kuunga kano hapo. Katika miaka ya 1960 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Marekani, walionyesha kwamba inawezekana, kwa uangalifu mkubwa na kwa kukichezesha kidole mapema. Lakini katika uwanja huo hata usaha kidogo huharibu kazi yote.

DALILI NNE ZA KANAVEL

Mwaka 1912, miaka 16 kabla Alexander Fleming hajaigundua penisilini kule London, daktari wa Chicago aitwaye Allen Kanavel alichapisha kitabu juu ya maambukizo ya mkono. Hakuwa na dawa za kuua vijidudu tulizo nazo sisi. Alikuwa na macho, vidole na kisu. Dalili nne zilizobaki na jina lake hufundishwa hadi leo, na hakuna kinachomzuia mama wa nyumbani kuzijua. Kidole kilicho na usaha ndani ya ala huvimba chote sawasawa, kama ndizi mbivu. Hukaa kimekunjwa kidogo chenyewe, mgonjwa hataki kukinyoosha. Kikibonyezwa upande wa kiganja huuma kwa urefu wote wa ala, si mahali pamoja tu. Na mtu mwingine akikinyoosha hata kidogo, mgonjwa hupiga kelele.

Ukiziona dalili hizo usingoje jua lichwe. Ndani ya siku ya kwanza pengine dawa za mshipani na kuinua mkono vyatosha, mgonjwa akiangaliwa kila saa chache. Baada ya hapo ni kisu: matundu mawili madogo, moja kiganjani na jingine karibu na ncha, na ala huoshwa kwa mpira mwembamba hadi maji yatoke meupe. Usaha ukiachwa, mgandamizo wake huinyima kano hata ile damu kidogo iliyo nayo, nayo hufa. Tena una njia za kusafiri. Ala ya gumba na ya kidole cha mwisho hufika hadi kwenye kifundo cha mkono na huwa zinakaribiana huko, hivyo usaha ulioanzia kidole cha mwisho waweza kuzunguka na kutokea kwenye gumba, kwa umbo la kiatu cha farasi.

Wagonjwa wa kisukari wajihadhari maradufu. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2002, iliyohusu wagonjwa wa Dar es Salaam wa kati ya 1998 na 2002, ilieleza hali ambayo mkwaruzo mdogo au kuumwa na mdudu hugeuka kuoza kwa mkono mzima. Dakta Zulfiqarali Abbas ni miongoni mwa waliochunguza na kuandika sana juu ya maradhi hayo nchini. Kuchelewa kufika hospitali na sukari isiyodhibitiwa vilionekana kuwa miongoni mwa mambo makubwa yaliyoleta hasara hiyo. Kisukari si ugonjwa wa Dar es Salaam peke yake. Mwenye kidonda cha mkono kisichopona, awe Kihesa au Uyole, apimwe sukari hata kama hajawahi kuambiwa anayo.

DAWA: SAA YAKE NA KIPIMO CHAKE

Tukija kwenye upasuaji wenyewe, dawa ya kuzuia vijidudu ina saa yake. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 yasema itolewe kabla ya ngozi kukatwa, ndani ya saa mbili, isiendelezwe siku nyingi baadaye kwa ajili ya kinga tu. Katika upasuaji wa mkono pana jambo la zaidi. Daktari hufunga mpira wa kubana damu kwenye mkono wa juu na kuujaza hewa, ili aone kano bila damu kumfunika. Mpira ukishabana, dawa haipiti. Kwa hiyo ni lazima dawa iwe imekwisha kuingia mwilini kabla ya hapo. Ikichelewa huzunguka mwili mzima isipokuwa mkono unaopasuliwa.

Miongozo hiyo hiyo yakataza jambo ambalo wagonjwa wengi hulifanya kwa nia njema, nalo ni kunyoa malaika ya mkono kwa wembe. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana, na kila mkwaruzo ni mlango. Oga kwa sabuni, kata kucha, ondoa rangi ya kucha, inatosha. Na kwa kuwa hii ni kurasa ya familia, tuongeze kisa kifupi. Glavu za mpira ambazo leo kila mpasuaji huvaa zilitengenezwa karibu na mwaka 1890, kule Baltimore, kwa sababu dawa kali za kuoshea zilimwunguza mikono muuguzi mmoja, Caroline Hampton. Mkuu wake, daktari William Halsted, aliagiza glavu hizo kwa ajili yake, na mwaka 1890 wakaoana. Hapo kwanza zililinda mikono ya muuguzi. Faida kwa mgonjwa ilitambuliwa baadaye.

Usaha ukiwa umekwisha kuingia, dawa ya kutibu ni jambo jingine na muda wake ni mrefu zaidi. Hapo hospitali huchukua usaha kidogo, hupeleka maabara vijidudu vioteshwe, vijulikane jina na dawa inayoviua. Mara nyingi huwa ni stafilokoko, kijidudu kinachoishi puani mwa watu wengi wenye afya. Sasa fikiria mgonjwa aliyepita dukani njiani akanunua vidonge sita kati ya ishirini na moja kwa kuwa fedha zimepungua. Vijidudu dhaifu vimekufa, vyenye nguvu vimebaki, na maabara huenda isioteshe kitu. Maduka ya dawa muhimu yalianzishwa nchini kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili wananchi wapate dawa karibu na kutoka kwa mtu aliyefundishwa. Ni huduma njema. Lakini kidole chenye usaha si ugonjwa wa dukani, na muuzaji mwaminifu atakuambia hivyo.

KANO MPYA BAADA YA USAHA

Tuseme mambo yaliharibika, kano ikaoza, usaha ukatoka, kidonda kikafunga, kidole kikabaki kimenyooka. Je, ndiyo mwisho? Sivyo, lakini hapa subira hupimwa kweli. Daktari hataanza leo wala mwezi ujao. Atangoja hadi kovu lilainike, uvimbe uishe kabisa, na kidole kiweze kukunjwa chote kwa mkono mwingine bila taabu. Kazi ya kukilainisha ni ya mgonjwa na ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na yaweza kuchukua miezi mitatu au zaidi.

Kisha upasuaji huwa wa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza kovu huondolewa, zile pete za nyama ngumu zinazoishikilia kano karibu na mfupa hutengenezwa upya, na mahali pa kano huwekwa kijiti laini cha silikoni. Mwili hukizunguka kijiti hicho na kujenga ala mpya. Baada ya miezi mitatu hivi, katika hatua ya pili, daktari hukata kano isiyohitajika sana mahali pengine, kama ile nyembamba iliyo katikati ya kigasha, ambayo watu wengine hawanayo kabisa tangu kuzaliwa na hawajui. Huifunga kwenye kijiti, hukivuta kitoke, na kano hukifuata na kukaa ndani ya ala iliyokwisha kuandaliwa. Njia hii ilipata umaarufu kwa kazi ya James Hunter wa Philadelphia, ambaye pamoja na Roger Salisbury alichapisha taarifa yake mwaka 1971.

Angalia sasa mahali pa vijidudu katika habari hii. Kijiti cha silikoni hakina damu hata tone. Kijidudu kikikipata hushikamana nacho na kujijengea utando ambao dawa haiupenyi. Hakuna sindano itakayokiokoa. Ni lazima kitolewe, mkono uoshwe, na mgonjwa arudi kwenye kungoja kwa miezi mingine. Ndiyo sababu daktari akiona jipu kwapani, jino bovu lenye usaha au kidonda mguuni, huahirisha upasuaji. Mgonjwa aliyesafiri kutoka Makambako hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, akalipa nauli na kulala kwa jamaa, hukasirika akiambiwa arudi baada ya wiki tatu kwa sababu ya jino. Twamwonea huruma, lakini daktari yuko sahihi. Kwa vyovyote vile, upasuaji wa namna hii haufanyiki katika kila hospitali ya wilaya, na wengine hupelekwa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Yafaa jino lishughulikiwe nyumbani kabla ya kupanda basi.

MKONO UKIRUDI NYUMBANI

Hapa kazi ni ya familia. Mkono ulio katika banzi ukae juu, usiku uegemezwe kwenye mto. Bendeji isilowe, mwenye kufua na kupika kwa wiki hizo awe mwingine, hata kama ni baba. Banzi lisivuliwe kwa kuwa linawasha, maana kano iliyoungwa ni dhaifu sana katika wiki za mwanzo na yaweza kukatika kwa kunyanyua kikombe. Mazoezi yafanywe vile vile yalivyoelekezwa, bila kupunguza na bila kuzidisha. Mtu asivute sigara, kwa kuwa tumbaku hubana mishipa midogo ya damu.

Na ile ganzi tuliyoitaja. Neva zikikatwa, hata zikiungwa, hisia hurudi polepole kwa miezi mingi. Mwezi wa Juni na Julai katika miji yetu ya baridi watu hukaa wamezunguka jiko la mkaa. Kidole chenye ganzi hakisikii moto. Huungua huku mwenyewe akizungumza, na malengelenge huwa mlango mpya wa usaha. Paul Brand, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Vellore, India, tangu miaka ya 1940, aliunda upya mikono ya wagonjwa wengi wa ukoma kwa kuhamisha kano. Alitambua kwamba vidole vyao havikuliwa na ukoma wenyewe kama watu walivyoamini. Viliharibiwa na majeraha na moto visivyosikiwa, na vijidudu vilivyofuata. Basi jamaa wa mgonjwa amtazame vidole kila jioni, amvalishe glavu ya sufi, amweke mbali na jiko na sufuria.

Kuhusu gharama, mfanyakazi aliyeumia kazini ajue kwamba Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia, ulioanza kazi mwaka 2015, na matibabu ni sehemu ya mafao yake. Mwajiri hutakiwa kutoa taarifa ya ajali bila kuchelewa. Kibarua wa msumeno ambaye jina lake halimo katika daftari lolote hupata taabu kuthibitisha kwamba aliajiriwa, kwa hiyo na adai karatasi angali ana vidole kumi vya kuishikia.

Kwa kawaida banzi huvaliwa kwa muda wa wiki sita. Kuanzia hapo mkono huruhusiwa kazi nyepesi: kuvaa shati, kushika kijiko, kukunja karatasi. Jembe, shoka, usukani wa lori na gogo la msituni husubiri hadi wiki ya 12, pengine zaidi, na siku ya kuanza hutajwa na daktari baada ya kukishika kidole na kumwambia mgonjwa: “Kunja.”